Oil ya pipa la mashine ya kukoboa niliyoiweka kwenye gari, na mguu wa shemeji yangu

Wakuu wa jukwaa la magari, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nimewasoma mkibishana oil ya 0W-20 na ya 20W-50 mpaka mnatukaniana ukoo, na nilikuwa nacheka peke yangu. Leo naandika ya kwangu. Siongezi wala sipunguzi, na mtaona wenyewe kuwa mjinga kwenye hii stori ni mimi.

Naishi Ifakara, Lipangalala. Nina mashine ya kukoboa mpunga, na nina pawatila moja, kale katrekta ka kushika kwa mikono, ka kulimia na kuvutia tela la magunia.

Sasa huku kwetu mwenye mashine hanunui oil ya kopo. Ananunua pipa. Oil nzito, SAE 40, nyeusi nyeusi tangu ikiwa mpya. Injini za mashine zetu ni dizeli za piston moja, hazina mambo mengi, zinainywa miaka nenda rudi na hazilalamiki.

Pipa likishakaa kwenye kona ya mashine, kila chenye injini kwenye familia kinahudumiwa humo humo. Mashine, pawatila, pampu ya bustani, mpaka pikipiki ya jirani aliyekuja na chupa tupu ya maji mkononi. Ndiyo utaratibu, na hakuna aliyewahi kuuhoji.

Biashara ilipokaa vizuri nikaagiza kigari cha petroli kutoka Japan. Injini ndogo, ya kisasa, inanusa mafuta tu. Mama Jesca, mke wangu, alifurahi mno, maana kwao ni Chita na usafiri wa kwenda huko wakati wa mvua ni mateso.

Service ya kwanza ikafika. Kuna fundi hapa mtaani tumwite Chogo, ndiye alikuwa ananitengenezea pawatila. Nikamwonyesha mfuniko wa kujazia oil, umeandikwa 0W-20.

Chogo akacheka. "Bro, hiyo ni ya baridi ya kwao. Jua la Ifakara hili, ukiweka oil ya maji maji hivyo si unaua injini? Weka nzito, ikae."

Na mimi nikaona ana hoja. Nilishaishika hiyo 0W-20 dukani, nyepesi kama mafuta ya alizeti, halafu bei yake unaweza kukaa chini. Na pipa langu lipo, limejaa. Nikasema isiwe tabu.

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, hapo mnisamehe. Lakini ile namba kwenye mfuniko haikuwa ya Kijapani. Niliisoma nikaelewa, nikajiona najua kuliko walioitengeneza injini.

Gari ikatembea. Asubuhi ilikuwa inawaka kwa uzito na kugonga kidogo, kisha inatulia. Mafuta ikaanza kula zaidi. Nikasema barabara mbovu. Na kwa vile oil ilikuwa ya bure machoni pangu, hata kumwaga nilikuwa namwaga nikikumbuka, siku nyingine naongezea tu juu ya ile ya zamani.

Mwaka wa pili ile taa nyekundu ya oil ikaanza kupepesa kwenye dashibodi. Ukisimama injini ikiwa ya moto inapepesa, ukikanyaga mafuta inazima.

Nikarudi kwa Chogo. Akachomoa kijiti, oil imejaa mpaka kwenye alama. "Oil ipo. Hiyo ni sensor imekufa, inakupa presha ya bure." Akachomoa waya wa sensor, taa ikazimika. Nikamshukuru, tena kwa moyo.

Wakuu, naomba niseme hili kwa herufi za kawaida bila kupiga kelele. Ile taa haipimi kama oil ipo. Inapima kama oil inasukumwa kufika inakotakiwa. Mimi niliizima, nikaendelea na safari zangu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa kuvuna. Saa tatu asubuhi Mama Jesca anapigiwa simu kutoka Chita. Mdogo wake, Deo, alikuwa shambani anakata mpunga, akamkanyaga nyoka, kifutu. Kaumwa juu kidogo ya kifundo. Walikuwa wameshamfunga kamba chini ya goti, na mguu umeanza kuvimba.

Deo ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mkulima kweli kweli, ana mke na watoto wawili. Mimi na yeye tunataniana kishemeji, kila nikifika ananiita mzee wa mjini.

Kumbukeni hiki kinachofuata, maana mimi sijalala nacho vizuri tangu siku hiyo.

Walikuwa wameshapata bodaboda. Walitaka kumweka katikati, mtu mmoja amshike nyuma, waje naye Ifakara hospitali muda ule ule. Mimi ndiye nilichukua simu nikasema hapana. Mgonjwa wa nyoka hapaswi kurushwarushwa kwenye mashimo. Nisubirini, nakuja na gari, atalala siti ya nyuma.

Wakanisikiliza. Mimi ndiye mwenye gari kwenye ukoo, neno langu lina uzito.

Nilikwenda mbio, gari haikunipa shida yoyote. Nikamkuta kakaa nje kwenye mkeka, jasho linamtoka, lakini anaongea. "Mzee wa mjini umefika," akasema, "basi nimepona." Tukampakia, mke wake akakaa naye nyuma kichwa chake kikiwa mapajani. Tukageuza.

Tumekwenda mwendo wa kutosha, tumeshapita vijiji kadhaa, nikasikia ko ko ko chini ya boneti. Nikapunguza, ikazidi. Nikapandisha gia kidogo, gari ikakosa nguvu, ikatoa mlio mmoja wa chuma na chuma, ikazima. Nikapiga starter, haizunguki. Injini imekamata, vyuma vimeng'ang'aniana.

Kwenye dashibodi hakuna taa hata moja iliyokuwa imenionya. Kijiti nikachomoa, oil imejaa.

Kulia mashamba, kushoto mashamba, jua kali, network inakuja na kukata. Bodaboda moja ikapita ikiwa na abiria wawili na mizigo, haikusimama. Mke wa Deo analia taratibu. Deo mwenyewe ameacha kuongea, mguu umekuwa mweusi na ngozi imeanza kutoa malengelenge. Ile kamba imezama ndani ya nyama. Niliogopa kuifungua, niliogopa kuiacha. Nikaiacha.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anatoa mpunga shambani kwa pawatila. Hakuuliza maswali. Alimwangalia Deo, akaanza kushusha magunia yake pembeni ya barabara, yote, akayaacha pale bila mlinzi. "Mpandisheni huyu," akasema. "Mpunga haufi."

Tukaenda naye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mimi nimekaa kwenye tela namshikilia Deo, nasikiliza ile pawatila inavyotwanga bila wasiwasi, najua kabisa imejaa oil ile ile ya pipa. Kwake yeye ni sahihi, imetengenezwa kwa ajili yake.

Kwenye senta iliyofuata tukapata pick-up. Hospitali Ifakara tulifika saa kumi jioni. Kwa bodaboda wangefika kabla ya saa saba.

Daktari aliuliza vitu viwili tu. Kamba imefungwa saa ngapi, na kwa nini mmechelewa. Nikajibu gari iliharibika. Akaandika.

Siku ya tano walimkata mguu, juu ya goti. Daktari alituita mimi na Mama Jesca, akasema sumu peke yake wangepambana nayo, lakini kamba kukaa muda wote ule ndiyo imeua mguu. Angefika mapema wangeifungua mapema.

Gari ikavutwa mpaka mjini, safari hii nikampelekea fundi mwingine. Alifungua sampo, lile bakuli la oil la chini, mbele yangu. Hakukuwa na oil inayotiririka. Ni tope jeusi, unachota kwa kijiko. Chujio ambalo pampu inavutia oil lilikuwa limeziba kabisa. Injini ilikuwa imejaa oil na inakufa kwa kukosa oil.

"Mzee, ulikuwa unaweka oil gani?"

Nikamwambia ya kawaida. Mwanaume mzima nimeona aibu kutaja pipa.

Hakubishana na mimi. Alichukua ule mfuniko wa 0W-20, akaufuta kwa kitambaa, akaniwekea mkononi.

Ndugu zangu, somo langu ni dogo. Aliyetengeneza injini alishaichagulia oil, wewe kazi yako ni kutafuta kopo lenye namba zile zile na daraja lile lile la ubora, API, linalotajwa kwenye kitabu. Nchi ya joto wanaijua, wameiandikia humo humo kama kuna oil nyingine inaruhusiwa. Kitabu kama hukielewi, tafuta wa kukutafsiria, humu wapo. Na fundi akikuzimia taa badala ya kutafuta kwa nini inawaka, beba gari yako uondoke.

Lakini si hilo lililonifanya nijiunge leo ili niandike.

Deo hajui. Mama Jesca hajui. Ukoo mzima unajua gari iliharibika, gari huwa zinaharibika, mipango ya Mungu. Shambani sasa anakwenda mke wake, yeye anakaa nyumbani anasuka mikeka na kufukuza ndege kwenye mpunga ulioanikwa.

Na kila mgeni akifika pale Chita, Deo anamwelezea jinsi shemeji yake alivyoacha biashara mjini akaja mbio kumchukua, na kwamba bila mimi angekuwa kaburini. Anaieleza mbele yangu. Mimi nakunywa chai.

Wiki iliyopita amenitumia gunia la mchele, la kwanza walilopata bila yeye kuingia shambani. Amelituma na ujumbe kwamba ni la shukrani. Lipo sebuleni. Mama Jesca ananiuliza kila siku kwa nini silifungui.

Jumamosi nakwenda Chita. Nataka kumwambia yote, kuanzia pipa mpaka ile simu ya kuwaambia wasubiri.

Aliyewahi kumwambia mtu jambo la namna hii aniambie alianzaje. Hata sentensi ya kwanza tu. Matusi pia nayapokea, nipo hapa nasoma.