Nyayo za Sungura Zilizokatika

Kila Februari, shule zinapofungwa kwa likizo ya baridi na nusu ya nchi kukimbilia milimani, Borghild naye alikuwa akipanda, ingawa hakuwa na mtoto wala mjukuu wa shule. Alipanda na rafiki yake Eldrid, kwenye kibanda cha mbao ambacho Eldrid alikirithi kutoka kwa baba yake, juu kabisa ambako misonobari inaanza kuwa mifupi. Hakukuwa na umeme. Maji yalichotwa kwenye tundu la barafu kijitoni, na choo kilikuwa nje, na kila mwaka walibishana ni zamu ya nani kuondoa theluji mlangoni pa choo.

Borghild alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee kule bondeni mpaka goti lake la kushoto lilipomwambia basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wazee walimpenda kwa sababu hakuwasemesha kama watoto. Mume hakupata, au hakutafuta, na watu walishaacha kumuuliza. Alichokuwa nacho ni sindano za kufumia, uzi wa sufu, na Eldrid.

Eldrid alikuwa kinyume chake. Mwalimu mstaafu, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Watu walipowaona pamoja walijiuliza hawa wawili huongea nini. Jibu ni kwamba Eldrid aliongea na Borghild alifuma, na wote wawili waliona wamepata fungu lao.

Jioni ya kwanza ya likizo walikuwa na mchezo wao. Kila mmoja alimwaga mfuko wake mezani, karibu na jiko la kuni, na kuonyesha kazi zake zisizokwisha.

"Hii soksi si niliiona mwaka jana?" Eldrid aliuliza, akiishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu.

"Uliiona mwaka juzi pia. Inamsubiri pacha wake."

"Pacha gani? Huyu ni mtoto wa pekee, mwenzangu. Likubali tu."

"Na hilo shali lako? Lilianza wakati una meno yako yote."

Eldrid alicheka mpaka akakohoa. Borghild alitabasamu, akarudisha soksi mfukoni. Mwaka ule hakuumwaga mfuko wake mpaka chini. Chini kabisa, ndani ya foronya, kulikuwa na sweta la vifungo ambalo Eldrid hakutakiwa kuliona. Lilikuwa lake Eldrid. Borghild alilifuma kwa kuiba muda, Eldrid anapokwenda kuchota maji au anaposinzia baada ya chakula, na lilikuwa limebaki mkono mmoja tu.

Sweta lile halikuwa sweta hivi hivi. Lilikuwa na nyayo za sungura.

Nyayo zile alizibuni mama yake Borghild, Gudrun. Borghild alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake Oddvar alitoka nyumbani siku ya mwanzo wa masika akifuata nyayo za sungura kwenye theluji. Nyayo ziliingia ziwani, naye akaingia ziwani, na barafu ilikuwa imeshalegea. Baada ya mazishi mama yake alikaa miezi bila kusema jambo lolote lisilohusu chakula au ng'ombe. Kisha akashika sindano. Alifuma glavu nyeupe zenye nyayo nyeusi za sungura, mbili ndefu sambamba na mbili ndogo nyuma yake, zikipanda kutoka kwenye kifundo cha mkono. Zilipofika katikati ya kiganja zilikatika. Kutoka hapo mpaka kwenye ncha za vidole kulikuwa na weupe mtupu.

Watu wa nyumba ile tu ndio waliovaa nyayo zile. Jirani akiuliza mbona pambo halijafika juu, Gudrun alijibu, "Uzi mweusi uliniishia." Basi.

Nje ya nyumba ile, mtu mmoja tu aliambiwa ukweli, naye ni Eldrid. Ilikuwa mwaka ambao mumewe alilazwa hospitali na haikujulikana kama atatoka. Borghild alikuwa akienda kukaa naye kwenye ile korido kila baada ya kazi, na siku moja Eldrid alisema, "Niambie kitu. Chochote. Nisisikie hizi mashine." Borghild, ambaye hakuwa na hadithi nyingi, alimpa aliyokuwa nayo. Akamwonyesha na glavu zake. Eldrid alizishika, akalia, na Borghild akajua kwamba sasa ana ndugu tena. Ndiyo maana aliamua kumfumia sweta la nyayo. Kwa mtu asiye na mazoea ya kusema nakupenda, hakukuwa na namna nyingine iliyo kubwa zaidi.

Siku ya tatu jua lilitoka kali na theluji ikang'aa mpaka macho yakauma. Walitoka kutembea. Zamani walikuwa wakiteleza juu ya theluji kwa mbao za kufungwa miguuni kama watu wote, lakini goti la Borghild lilishakataa mambo hayo, kwa hiyo walikwenda kwa miguu pembeni ya njia iliyoshindiliwa. Waliona mahali ambapo paa mkubwa wa msituni amelala usiku, shimo la umbo lake likiwa bado na manyoya. Waliwashtua kware weupe, nao wakaruka na ule mlio wao kama mtu anayecheka kwa dharau. Kwenye kilima chenye jua walitandika kipande cha ngozi, wakamenya machungwa, wakamimina kahawa kutoka kwenye chupa, wakala mkate na jibini la kahawia.

"Hapa," Eldrid alisema akiwa amefumba macho juani, "hata daktari wangu akinipigia kuniambia nakufa, nitamwambia apige kesho."

Ndipo wakaja mwanamke na mumewe, wakiteleza kwa mbao zao. Walikuwa watu wa mjini, wekundu usoni, wachangamfu. Wakaomba kukaa kidogo. Mwanamke alikuwa amepata joto, akafungua zipu ya koti lake.

Kwenye sweta la ndani Borghild aliona nyayo za sungura. Zilianza kiunoni, zikapanda tumboni, na kifuani zikakatika. Juu yake weupe mpaka shingoni.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kipumbavu. Alidhani mama yake alikuwa na ndugu mahali fulani ambaye hakuwahi kuwatajia.

Eldrid alianza kukusanya maganda ya machungwa haraka haraka. "Jua linadanganya hili," alisema. "Tutaganda hapa. Twende."

Lakini yule mwanamke alikuwa anamtazama. "Samahani sana," alisema, na mkono akauweka kifuani, juu ya nyayo. "Wewe si Eldrid? Nilikuwepo pale kwenye duka la uzi, jioni ile ulipotusimulia. Mume wangu, njoo, huyu ndiye aliyebuni sweta langu!"

"Hee," mume alisema kwa furaha. "Nimemsikia mke wangu akihesabu hizo nyayo majira yote ya vuli. Nikikohoa tu, naambiwa nimemharibia."

"Nilipokuwa nafika pale zinapokatika," mwanamke akaendelea, machozi yakimlengalenga, "nilikuwa nasimama kwanza. Nilikuwa namfikiria yule mjomba wako mdogo, Torstein. Vile ulivyosimulia, bibi yako akisimama ukingoni mwa ziwa..."

Borghild aligeuka akamtazama Eldrid. Eldrid alikuwa anatazama maganda ya machungwa mkononi mwake.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Borghild aliuliza.

Mwanamke alidhani anaulizwa yeye. "Sita. Sivyo, Eldrid? Ulisema sita."

"Saba," Borghild alisema. "Alikuwa na saba."

"Ah, kumbe unaijua hadithi!" mwanamke alisema, akamshika Borghild mkono kwa wema wa kweli. Borghild hakuutoa mkono wake. Yule mama hakuwa na kosa, na sweta lake lilikuwa limefumwa vizuri.

Walishuka kilima. Eldrid alitembea nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Borghild amfahamu, hakusema neno njia nzima.

Ndani ya kibanda Borghild aliweka kuni kwenye jiko, akavua viatu, akakaa. Mwanga wa alasiri ulikuwa bado dirishani.

"Haya," alisema.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Kila siku." Eldrid alibaki amesimama na koti lake. "Nilijifumia sweta moja tu, Borghild. Moja, la kuvaa nyumbani. Nilikuwa nimefiwa na mume, hadithi yako nilikuwa nayo kichwani. Nikalivaa dukani kwa bahati mbaya, yule mwenye duka akaliona, akauliza limetoka wapi. Nikasema kwetu. Neno moja tu. Kisha akataka kuuza maelekezo ya kuzifuma nyayo kwa jina la duka lake, kisha wakataka hadithi, na mimi nilikuwa nimeshasema kwetu. Ningerudije nyuma?"

"Kwa mdomo. Mdomo unao."

"Jina lako sikulitia popote. Nilikuheshimu."

"Umeniheshimu kwa kunitoa." Borghild alisema polepole, kama mtu anayeokota vipande vya sahani. "Na yeye umembadilisha jina. Ungeiba kila kitu, lakini jina lake ungemwachia."

Eldrid alianza kulia, na katikati ya kilio chake akakasirika, kama wafanyavyo watu walionaswa. "Na wewe ungeifanyia nini? Eh? Huna mtoto. Ingekufa na wewe ndani ya droo, glavu pamoja na hadithi, na hakuna mtu duniani angejua kwamba kulikuwa na yule mtoto. Sasa watu wanamlilia. Umemwona yule mama!"

"Anamlilia Torstein."

Borghild alivuta mfuko wake, akatoa soksi isiyo na pacha, akatoa blanketi la mtoto wa jirani, akatoa foronya. Akalikunjua sweta lile mezani.

Eldrid alilitazama. "Unajifumia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pima mabega uone ni ya nani."

Eldrid alikaa kitini na koti lake, akafunika uso.

Borghild alitafuta ncha ya uzi kwenye mkono ambao ulikuwa haujaisha, akachomoa sindano, akavuta. Sufu mpya hufumuka kwa sauti kama ya panya akitafuna karatasi. Mishono ilikimbia safu baada ya safu, na uzi ukaanza kurundikana mezani, umejikunja kunja.

Sasa, uzi unapofumuliwa unahitaji mtu wa pili. Mmoja anavuta, mwingine ananyoosha mikono miwili mbele ili uzi uzungushwe juu yake usijitatize. Wawili hawa walikuwa wamefanyiana hivyo miaka arobaini. Eldrid aliinua kichwa, akaona uzi unajitatiza, na bila kufikiri akanyoosha mikono.

Borghild aliitazama mikono ile. Aliijua kama yake mwenyewe, pete iliyobana, kovu la kisu cha samaki. Kisha akainuka, akavuta kiti kitupu, akauzungusha uzi kwenye egemeo lake.

Mikono ya Eldrid ilibaki hewani kidogo, ikashuka.

Basi la kwenda bondeni lilikuwa la asubuhi, na kituo kilikuwa mbali kuliko ambavyo goti la Borghild lingeweza kufika. Kwa hiyo hata kuondoka kwa hasira hakukuwezekana. Ilibidi alale chini ya paa lile, anywe uji uliopikwa na Eldrid, kisha apande gari la Eldrid na mfuko wake magotini. Fedheha ile ya kubebwa na mtu aliyemtenda ilimuuma karibu sawa na jambo lenyewe.

"Nitakwenda dukani," Eldrid alisema njiani. "Nitawaambia wote. Nitasema ni ya mama yako, nitasema Oddvar."

"Jina lake usilitaje."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Tazama barabara, utatuua."

Alifikiri sana baadaye kuhusu kile alichokataa. Kama Eldrid angesema ukweli, Oddvar angekuwa habari mara ya pili, na watu wangekuja na maua na maswali yao mpaka mlangoni kwake. Kama angenyamaza, mtoto angebaki Torstein, mwenye miaka sita, mjomba wa mtu. Njia zote mbili Eldrid ndiye aliyezichonga, na Borghild aliachiwa kuchagua. Hakuchagua. Eldrid alikuja mara moja masika yale, amebeba keki, na Borghild alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, akapokea keki kwa sababu si vizuri kumrudisha mtu na chakula, lakini hakumkaribisha ndani. Kwa watu wa bonde lile, hiyo ilikuwa hukumu, na Eldrid aliielewa.

Likizo ya baridi iliyofuata Borghild hakupanda mlimani. Alifuma nyumbani, kazi moja baada ya nyingine, akazimaliza zote, na akagundua kwamba kuzimaliza hakukuwa na raha aliyoitegemea. Hakuwa na mtu wa kumcheka.

Siku moja yenye jua alivaa viatu vya theluji, akachukua fimbo, akaenda kwenye ziwa ambalo hakuwahi kulikanyaga tangu utotoni. Barafu ilikuwa nene. Vijana walikuwa wameegesha gari juu yake, wanavua samaki kwa tundu. Alitembea mpaka alipokadiria ni hapo, ingawa hakuwa na hakika, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kumwonyesha.

"Oddvar," alisema. Sauti ilitoka kavu. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, jina na jina la ukoo, mpaka kijana mmoja kati ya wale wavuvi akageuka.

"Umemwita nani, mama?"

"Mdogo wangu."

Kijana alitazama huku na huku kwenye weupe ule, asimwone mtu, akatikisa kichwa kwa adabu na kurudi kwenye tundu lake.

Simu ilianza kulia mfukoni mwa Borghild. Alijua ni nani kabla hajaitoa, kwa sababu hakuna mwingine aliyempigia simu saa za mchana. Aliishika mkononi, ikitetema ndani ya glavu, akaiacha ilie. Iliponyamaza, alisimama pale juu ya barafu akiwa amekasirika zaidi, kwamba Eldrid amekata tamaa upesi vile.