Kusimulia Mchana: Musoma, Bunda mpaka Butiama

Nyie mnaoniulizaga kisimani nilikuwa wapi siku zile zote, haya, tueni ndoo mkae. Nilisafiri na mjukuu wangu Nyangeta. Tulienda Musoma, tukaenda Bunda, tukamalizia Butiama, na nimerudi kichwa kimejaa kama debe la dagaa. Mengine nimeyaelewa. Mengi sijayaelewa, ila nitawaambia yote vile vile.

Kilichonitoa nyumbani ni huyo Nyangeta, mtoto wa mwanangu wa pili. Amesoma, amesomaaa, mpaka amefika ile ngazi ya mwisho ya chuo kikuu, ya udaktari. Nikafurahi, nikamwonyesha goti langu hili la kushoto. Akacheka. "Bibi, mimi siyo daktari wa magoti. Nafanya utafiti wa shule. Natafuta namna nzuri ya kuwafundisha watoto wadogo, wale wa darasa la awali." Sasa daktari wa shule, shule inaumwaga wapi? Nikaitikia tu nisionekane mshamba.

Akanieleza shida yake. Watoto wa awali mwalimu akiwauliza kitu wananyamaza kimya, wakati nyumbani wanapiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Yeye anataka kujua hivi: akiingia darasani bibi, bibi kabisa kama wa nyumbani kwao, akawasimulia hadithi na kuwauliza, watafungua mdomo? Atanasa sauti zao kwenye kidude chake awapelekee wakubwa wa chuo. "Walishanirudisha mara moja, Bibi," akasema, na uso ukabadilika. "Nikiwapelekea tena watoto wamenyamaza, naanza kazi yote upya. Na miaka yangu imekwenda."

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana mjukuu wa kike kwetu ni mke mwenza, tunagombania babu mmoja, "kama ni hadithi tu, twende hata kesho."

Nikafunga mzigo: michembe ya viazi vitamu, samaki wa furu wakavu wa zawadi, kanga, na taa yangu ya sola. Nyangeta akaitazama taa. "Ya nini, Bibi?" "Ya kusimulia." Akajua namtania. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Asubuhi tuliondoka huku kwetu Majita na gari ya mtu anayepelekaga samaki mjini. Ziwa likawa linatokea, linajificha nyuma ya mawe, linatokea tena. Mimi naongea, dereva anaongea, Nyangeta peke yake amekaa anaandika. Nikamuuliza anaandika nini na hata hatujafika. "Naandika njia, Bibi." Njia si ile pale nje! Hata dereva alishangaa.

Musoma tulifikia Kigera kwa mtoto wa dada yangu, akatupikia ugali wa muhogo na sato. Mimi nikawa nangojea jioni, watoto wakusanywe, taa iwashwe, kazi ianze. Jioni ikaja, ikapita, tukalala.

Kulipokucha tukapanda bodaboda mpaka Mwisenge, kwenye shule moja huko. Darasa zuri jamani. Wametunga vizibo vya soda kwenye kamba, picha za samaki ukutani, na watoto wamekaa kwenye mkeka macho yote kwangu. "Shikamoo bibiii!" Nikaitikia marahaba mpaka nikachoka.

"Haya Bibi, simulia," Nyangeta akasema.

"Saa hii?"

"Saa hii."

"Na jua lote hili?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Nyie mnajua. Hadithi hazisimuliwagi mchana. Bibi yangu alituambiaga, anayesimulia mchana, ng'ombe wa kwao wanapotea malishoni, hawaoni njia ya kurudi. Na ng'ombe mimi ninao, mnawajua. Nikamvuta Nyangeta pembeni. "Mama, wewe hukulijua hili?" Akashika kichwa. "Nililisikiaga, Bibi. Niliona ni maneno ya zamani." Maneno ya zamani! Na hadithi zenyewe ni za lini?

Mwalimu anangojea, watoto wanangojea. Nikapata akili. Nikatoa kanga zangu, nikaomba na za mwalimu, tukaziba madirisha yote, tukafunga mlango. Ikawa usiku. Nikawasha taa yangu. "Hadithi, hadithi!" Watoto, "Hadithi njooo!" Jamani waliongea wale! Wakaniuliza fisi ana meno mangapi, wakanifundisha mlio wake. Nikatoka pale natembea kwa maringo.

Kumbe nimeharibu. Jioni kule Kigera Nyangeta alikaa anasikiliza kidude chake, na mimi nikasikia: watoto wanaongea, ndiyo, halafu wengine wanakoroma, halafu mmoja analia anataka mama yake kwa sababu usiku umeingia na hajaja kumchukua.

"Bibi," Nyangeta akasema polepole, "wakubwa wakiniuliza hawa watoto waliongea kwa sababu ya hadithi au kwa sababu ya giza, nijibu nini?"

"Jibu vyote."

"Haijibiwi hivyo. Nilitakiwa kubadilisha kitu kimoja tu. Wewe umebadilisha mpaka saa."

Mpaka leo sijaelewa ubaya uko wapi. Si waliongea?

Siku ingine tukashika njia ya Bunda. Tulipanda mchomoko, zile gari ndogo za kuchangia, mimi nikakaa mbele kwa heshima ya goti. Milima ya Bunda ina mawe yamekaa juu ya mawe, unasema yataanguka sasa hivi, na watu wamejenga chini yake wanaanika nguo bila wasiwasi.

Nyangeta alishaniomba njia nzima: madirisha wazi, Bibi, kanga zibaki mwilini. Nikakubali. Lakini nilipoingia darasani na jua limetanda pale sakafuni, ulimi ulikataa. Nikaona bora niwadanganye kidogo. Nikawapa habari ya kweli, siyo hadithi, ya mbuzi wangu aliyekula kofia ya katekista. Habari ya kweli inaruhusiwa saa yoyote.

"Mlishaonaga mbuzi?" "Ndiyooo bibi." "Mbuzi ni mbaya?" "Hapanaaa bibi." "Alikula kofia?" "Ndiyooo bibi." Yaani wanaitikia wote pamoja kama kanisani! Hakuna aliyeongeza neno lake. Hata mwalimu wao aliinamisha macho.

Nilimkuta Nyangeta nje kwenye bomba la shule, amejifanya ananawa uso. Maji yalikuwa hayatoki. "Imebaki Butiama tu, Bibi," akasema. "Ruhusa ya shule zingine imeisha."

Nikasimama pale sijui nishike lipi. Huyu ni mjukuu wangu. Wale ni ng'ombe wangu. Nikamwambia, "Butiama nitasimulia." Hakuniamini, na mimi sikujiamini.

Butiama tulifika mchana na upepo mzuri, tukakaribishwa upande wa Mwitongo kwa Mama Wakuru, mzee mwenzangu, Mzanaki. Mama huyu anacheka mpaka anashika ukuta. Wakati tunamenya mihogo nikamweleza shida yangu.

"Kwetu pia mchana haisimuliwi," akasema. "Lakini wewe simulia tu, mwenzangu. Wewe si wa hapa. Ng'ombe watakaopotea ni wa kwenu."

"Ndio hao hao ninaowaogopa!"

"Basi waage kabisa."

Akacheka peke yake. Mimi nililala nawaza kengele ya ng'ombe wangu mwekundu.

Asubuhi darasani mwalimu wa awali, kijana mpole, alituonyesha mtoto mmoja wa pembeni anayeitwa Sabina, wa nyumba ya wafugaji. "Huyu hajasema neno tangu shule ifunguliwe," akatunong'oneza. "Nilishauliza kwao kama ni bubu." Nyangeta akaweka kidude chini karibu na mkeka. Madirisha wazi. Jua lote.

Nikakaza kanga yangu kiunoni. "Hadithi, hadithi!"

Kimya. Nikaona mambo ni yale ya Bunda. Nikarudia kwa nguvu, "Hadithi, hadithi!"

"Bibi. Ni mchana."

Ni Sabina. Amesimama kabisa, ananitazama kama mtu anayemwona mkubwa wake anakojoa njiani.

"Nimeona ni mchana," nikasema, na mimi nimeshtuka.

"Mchana hatusimuliagi. Ng'ombe watapotea."

Wee! Darasa likawaka. Mmoja akasema siyo ng'ombe, anapotea mama. Mwingine akasema kwao msimuliaji anaota mkia, wote wakainuka kunichungulia nyuma. Mwingine akauliza ng'ombe wangu wanaitwaje, ili wakipotea waitwe. Kiswahili kikaisha wakaingia Kizanaki, wakarudi. Mwalimu akataka kuwanyamazisha, Nyangeta akamshika mkono, akatikisa kichwa hapana, hapana.

Halafu Sabina akaeleza, na wenzake wakamsikiliza. Kaka yake alisimulia mchana, ng'ombe mwenye baka hakurudi. Walimfuata wapi, nani alibeba kamba, nyayo ziliishia kwenye tope gani, baba alimwambia nini kaka. Alieleza mpaka mate yakamkauka. Mwalimu yule kijana alikaa chini kwenye mkeka pamoja na watoto, mdomo wazi.

"Kwa hiyo, Bibi, usisimulie," Sabina akamaliza. "Njoo usiku kwetu."

Nikamjibu, "Sawa mama, nimekoma." Sikusimulia hata neno. Nikatoka nimekosa kazi niliyotumwa, nimejikunja kwa aibu, na Nyangeta ananikumbatia analia na kucheka. Nikamuuliza, mbona sijafanya kitu? "Ndiyo, Bibi! Ndiyo!" Ndiyo nini?

Tulirudi kupitia Musoma. Njiani akanieleza vizuri, na hili nimelishika nusu: kwamba sisi wakubwa tunawaulizaga watoto vitu tunavyovijua tayari, na mtoto anajua kwamba tunavijua, basi anaona hakuna haja ya kuongea. Ila Sabina aliona mtu mzima anakosea, na yeye ndiye mwenye habari. Hicho ndicho Nyangeta anataka walimu wajifunze kukitafuta. Wakubwa wa chuo wameshasikiliza zile sauti, wamemwambia asianze upya, aendelee na hapo hapo. Amenipigia simu jana ananiambia.

Nusu ingine bado inanizunguka. Kama ni hivyo, walimu wote waende wakakosee darasani? Nilimuuliza. Akasema swali zuri, ataliandika. Mtu anauliza jibu, yeye anaandika swali!

Niliposhuka na mzigo wangu pale njia panda, alinipokea jirani yangu Mama Magesa. Akanichukulia mfuko, akaniuliza, "Ehe, na Butiama wamezisikia hadithi zako?"

"Hata moja."

"Sasa mbali kote huko ulienda kufanya nini?"

Nikafikiri. "Kukatazwa," nikamwambia, "na mtoto ambaye alikuwa haongei."