Mwaka mmoja wa uchumba uzeeni, na firigisi ya Sikuda iliyonifunga mdomo

Nianze kwa kumshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na macho yanayoona herufi za simu, hata kama ni kwa msaada wa miwani. Sifa ni zake kabla sijasema la kwangu.

Wakuu, salamu kutoka Kisoko, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda.

Humu ndani mimi ni wa kusoma na kupita. Nyuzi zenu za mapenzi nyingi ni za vilio. Naziombea kimya kimya, nalala. Leo nimeona na mimi niandike, kwa sababu nina furaha na hapa nyumbani nimeshawachosha mbuzi kwa kuwasimulia.

Nitakayosema ni kweli tupu. Mtu anayesimama mbele ya waumini kila Jumapili hawezi kutunga stori Jumatatu, ataonekana usoni.

Kwa kifupi: mimi ni mkulima, babu wa wajukuu, na kanisani kwetu ni msomaji, yaani mchungaji asipokuwepo mimi ndiye naongoza ibada. Kiswahili hiki nilikipata ujanani kwenye chuo cha Biblia upande wa Kenya. Huku kwetu wengi wanaongea kile cha mpakani, mtakisikia hapo mbele. Mke wangu alilala katika Bwana miaka mingi iliyopita.

Sasa, Jumamosi iliyopita nimesherehekea mwaka mmoja wa uchumba. Ndiyo, hiki mnachokiita dating.

Naomba mtulie. Kila mtu analala kwake. Yeye yuko Sikuda, karibu na Busia, mimi niko Kisoko, na katikati yetu kuna mashamba ya kutosha kumzuia shetani.

Anaitwa Mama Wandera. Ni Msamia, mjane, anauza samaki wakavu. Tulionana mara ya kwanza Rubongi, kwenye maombi ya wajane na wagane. Siku hiyo soda zilipungua, na mimi kwa adabu ya uzee nikakaa kimya bila chupa. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akachukua kikombe changu cha maji, akakimiminia nusu ya soda yake.

Akasema, "Musomaji, hii ni nusu. Siku moja kuja Busia, nakupa mzima."

Wakuu, nimekunywa soda nyingi maishani. Ile nusu bado naisikia ulimini.

Tukapeana namba, na tukapanga. "Tukutane Busia, pale kwa petroli." Basi.

Hapa wasiojua mpaka wanisikilize. Busia ziko mbili. Kuna Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, zimeshikana kama pande mbili za shati, na mpaka ndio vifungo. Kwa mtu wa Tororo kama mimi, ukisema Busia ni hii ya Uganda. Kwa Mama Wandera, ambaye wateja wake wako ng'ambo, Busia ni ile ya Kenya. Na vituo vya mafuta viko huku na huku.

Nikafika na mwavuli wangu mwekundu na viatu vimepakwa rangi. Nikasimama kwenye petroli ya Uganda. Nikangoja mpaka jua likahama bega.

Simu yangu haikumpata. Yeye alikuwa ameweka laini ya Kenya.

Akili ikanijia kwamba labda yuko ng'ambo. Nikavuka. Alikuwa ameniambia atavaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la akina mama wa Uganda. Nikamwuliza kijana wa pampu, "Umemwona mama wa gomesi ya kijani?"

"Mama wa soda mbili? Amekungoja hapa mpaka amekasirika. Ameenda Uganda kukutafuta."

Nikarudi Uganda mbio, kwa kadiri magoti yalivyoruhusu. Anayejaza mafuta kule akanicheka kabla sijauliza. "Mzee, mama yako amerudi Kenya. Lakini amesema ukija, ukae hapo kwa hiyo tairi. Usitoke."

Nikakaa kwenye tairi kama mtoto aliyeadhibiwa.

Akaja baadaye, jasho linamtiririka, soda mbili mkononi zimekuwa moto kama chai. Akaniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Musomaji, wewe nakwenda mbio hivi nani nakufukuza?"

"Ni wewe nilikuwa nakutafuta."

"Basi umepata. Kunywa."

Tulikunywa zile soda za moto tukacheka mpaka watu wa boda wakageuka kutuangalia. Hiyo ndiyo siku tunayoihesabu. Hiyo ndiyo ilikuwa date yetu ya kwanza, ingawa karibu yote tuliitumia tukipishana.

Mwaka wenyewe umekuwa mtamu, siwezi kuficha.

Yeye hunitumia samaki, mimi namtumia karanga na ulezi. Jioni ananipigia kuuliza nimekula nini. Nikisema chai na muhogo, napata mahubiri.

Kuna siku alitaka tupande mwamba wa Tororo, eti tangu utotoni anauona kwa mbali tu. Tukaenda. Tulipofika chini akainua macho, akautazama mwamba kwa muda mrefu. Kisha akakunja gomesi yake, akakaa kwenye nyasi. "Musomaji, Mungu nasikia hata hapa chini." Tukala karanga zetu hapo hapo, tukarudi tukiwa tumeshinda.

Siku nyingine nilialikwa kusoma neno kanisani kwao Sikuda. Alikaa benchi la mbele. Nilisoma mstari mmoja mara mbili, na mara ya pili niliusoma kwa hisia zaidi, nikidhani ni mpya. Mpaka leo waimbaji wao wakiniona wananiambia, "Musomaji, rudia."

Na mchungaji wangu naye, Mungu amwone: "Mzee, mbona siku hizi viatu vinang'aa hata Jumatano?"

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Baada ya mavuno nilimwomba tufunge ndoa kanisani. Sikuzunguka. Nilisema tumebakiza jioni, na jioni ni nzuri mkiwa wawili.

Akasuka kamba ya kikapu chake mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba miezi yote hii.

"Musomaji, firigisi ya hii nyumba nakula Wandera. Tangu baba yake alienda. Mimi siwezi toa kwa mdomo yake nakupa wewe. Siku yeye mwenyewe natoa, hiyo siku leta wazee wako."

Niwaeleze. Kuku akichinjwa kwao, firigisi, kile kipande kigumu cha tumboni mwa kuku, hakigawiwi ovyo. Ni cha mwenye nyumba. Mgeni unaweza kupewa paja, unaweza kupewa kidari, ukashiba ukashukuru. Lakini sahani yenye firigisi ndiyo inasema nani ni baba hapo.

Wandera ni mwanawe mkubwa. Ni fundi wa matairi ya malori karibu na mpaka, mtu mpana, wa maneno machache. Baba yake alipofariki, baba zake wadogo walikuja kugawana shamba na kumpangia mama yake pa kwenda. Wandera alikuwa bado kijana mdogo. Alisimama mlangoni na hakutoka mpaka walipoondoka. Mtu kama huyo akimwona mwanamume mzee anaingia uani na mwavuli, mnadhani anafikiria nini?

Hakunitukana hata siku moja. Ila kila nikitembelea, hata kama ndiyo kwanza nimekaa, alikuwa na salamu yake:

"Mzee, gari ya Tororo naisha saa kumi na mbili."

Naambiwa hivyo saa sita mchana, chai haijamiminwa.

Nilimlaumu? Hapana. Nilimwombea kwa jina kila asubuhi. Mababa wa imani walingoja wake zao miaka na miaka huku wakichunga mifugo ya watu. Mimi nachunga mbuzi wangu mwenyewe, nilalamike nini?

Basi ikafika Jumamosi. Wazo la sherehe lilikuwa la Nekesa, mke wa Wandera, binti mcheshi ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wetu. Ndiye aliyetufundisha neno anniversary. Mama Wandera anasema anivasari, na mimi sasa nasema hivyo hivyo.

Nilifika na mwavuli ule ule. Mama Wandera alivaa gomesi ile ile ya kijani. Na soda mbili alikuwa ameziweka juani makusudi, ziwe moto.

Jogoo alichinjwa. Jogoo wa kienyeji, mzee, nadhani tulikuwa rika moja.

Nekesa akapakua. Mimi nikapewa paja. Nikatupa jicho la wizi upande wa pili wa meza. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya Wandera, imekaa juu ya ugali kama mwenyekiti.

Moyo ulishuka, siwafichi. Lakini nilimshukuru Mungu kwa paja.

Tukawa tunakula. Nekesa akasema, "Mama, hebu tuambie tena ile ya petroli." Mama Wandera akaanza, mimi nikidakia, yeye akinikatiza. Alipofika pale ninapokaa kwenye tairi kama mtoto, tukasikia sauti nzito.

"Mimi niliwaona."

Alikuwa Wandera. Kijiko cha Nekesa kikasimama hewani.

"Nani uliona?" mama yake akauliza.

"Nyinyi wawili. Hiyo siku nilikuwa chini ya lori, pale kwa barabara. Naona mama na soda mbili nakwenda Uganda. Naona mzee na mwavuli mwekundu nakwenda Kenya, nauliza watu mama wa gomesi ya kijani. Halafu naona mama narudi. Mzee narudi. Mmepishana hapa, karibu kama mimi na wewe, hamukuonana sababu lori yangu ilikuwa katikati."

"Wandera. Ulituona na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Mama yako nachomeka jua, wewe unanyamaza?"

"Nilisema wacha wachoke," akasema Wandera. "Watu wazima, jua kali. Nikasema wakichoka kila mtu atarudi kwake, na hii maneno itaisha."

Mama Wandera akarudisha tonge lake sahanini.

Wandera akatazama sahani yake.

"Sasa mwaka imeisha. Hamujachoka."

Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akanyoosha mkono wake mrefu kuvuka meza, akaiweka kwenye sahani yangu, juu ya ugali wangu.

Mama Wandera alivuta kitambaa chake cha kichwa kikafunika macho. Nekesa alipiga kigelegele kilichomwamsha mtoto chumbani.

Wakuu, nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa miezi yote, ina utangulizi, ina mambo matatu na hitimisho. Nikajisemea, nile kwanza kwa heshima, kisha nisimame. Nikaitia firigisi yote mdomoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba upande wangu wa kushoto sina magego.

Nikatafuna. Wote wananitazama wakingoja neno. Nikatafuna. Nikahamishia kulia. Ile firigisi ilikuwa inayarudisha meno yangu kama tairi la Wandera mwenyewe. Kumeza haiwezekani. Kutema, mnanielewa, afadhali nife.

"Musomaji," Mama Wandera akasema akiwa chini ya kitambaa, "sema kitu basi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndilo nililoweza.

"Mimi sijauliza kitu, wewe nakubali nini?"

Nikatikisa tena.

Nekesa alikuwa ameshaegemea ukuta, machozi ya kicheko yanamtoka. Mama Wandera akashika ubavu. Na mimi natafuna, machozi yananitoka, sijui ni ya furaha au ya taya.

Wandera akanimiminia maji, akasogeza kikombe karibu na mkono wangu. Akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mzee, kula pole pole. Gari ya Tororo iko. Hata kesho asubuhi iko."

"Wandera, hapana," mama yake akadakia. "Wazee wake wakuje kwanza."

Kwa hiyo nilirudi Kisoko jioni ile ile, msiwe na mawazo. Nilifika nyumbani taya linauma na nikalala nikitabasamu. Hotuba bado ninayo, haijaguswa. Wazee wangu wanakwenda Sikuda baada ya mbegu kuingia ardhini, na mchungaji ameshaambiwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtoto aliyesimama mlangoni kumlinda mama yake usimsukume. Kaa uani, unywe chai yako, na uwahi gari kila anapokukumbusha. Siku moja atafungua mwenyewe, na aliyefunguliwa hivyo hana haja ya kugeuka nyuma. La pili, ukiambiwa tukutane Busia, uliza ni ipi.

Karibuni mchangie. Waliooana wakiwa wazee kama sisi, tuambieni siku zenu zinaendaje. Vijana mnaopishana na wachumba wenu, semeni pia, huenda kuna lori tu katikati. Na kama kuna anayejua namna ya kupika firigisi ya jogoo mzee ikalainika, aandike taratibu. Nekesa anasoma uzi huu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe mtu wa kukumiminia nusu ya chupa yake. Akupe subira wakati sahani yako ina paja tu. Na siku firigisi yako itakapovuka meza, ikukute na meno. Amina.