Kanzu ya Afande na Neno Tayari

Mwaka wangu wa nne Kampala ulinikuta nikiandika programu za kompyuta katika chumba cha ghorofani huko Kansanga, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa Mengo, Muganda, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusahihisha kazi ya mtu. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka Nakuru na begi moja na majivuno mengi juu ya Kiswahili changu. Mwenzangu alipoteleza ulimi akasema "balabala" badala ya barabara, sikumwacha apumue. Alinivumilia kama mtu anavyovumilia redio ya jirani.

Mteja wetu wa kwanza wa maana alikuwa mama mwenye duka la dobi, ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wake walikuwa Wakongo, Waganda na watu wa kaskazini, na lugha iliyowakutanisha wote ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo alitaka programu ya Kiswahili. Kila nguo ingekuwa na hali yake: imepokelewa, inafuliwa, inapigwa pasi, tayari, imechukuliwa. Mama angebonyeza orodha ya zilizo tayari, aone ni nguo zipi za kumpa mwenyewe. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba aache kupekua nguo kwenye vyuma. Aiamini skrini.

Programu tuliiandika kwa JavaScript. Lugha nyingine za programu zina njia ya kutangaza mapema kwamba hali ni hizi tano na hakuna nyingine. Ukijaribu kuandika ya sita, programu inagoma ikiwa bado mezani kwako. Mafundi huita orodha kama hiyo enamu. JavaScript haina. Nililijua hilo vizuri, ila nilijiambia kwamba maneno matano hayahitaji ulinzi. Kila tulipolitaka neno tuliliandika upya, herufi kwa herufi, ndani ya alama za kunukuu.

Ndipo akaja afande. Alikuwa askari polisi mstaafu kutoka kaskazini, aliyeishi kambini karibu maisha yake yote ya kazi, na mtaani kila mtu alimwita hivyo hivyo, afande. Mwanawe alikuwa anaoa katika familia ya Kiganda. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanjula, siku ambayo upande wa mume unakwenda kujitambulisha nyumbani kwa binti, na wanaume huvaa kanzu. Afande hakuwahi kuwa na kanzu. Alinunua moja nyeupe yenye tarizi nyekundu shingoni, akaileta kwa mama ifuliwe, itiwe wanga, ipigwe pasi.

Alhamisi alikuja kuichukua. Mama akatazama skrini, akamwambia bado. Ijumaa akarudi, skrini ikasema vilevile. Jumamosi asubuhi mama alinipigia simu, nikashuka na ndala miguuni.

Nilimkuta afande ameketi kwenye benchi, suruali ya suti imenyooka, viatu vinang'aa. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Alhamisi nilikuja, mnasema bado," alisema. "Jana nilikuja, mnasema bado. Leo nataka kuangalia na macho yangu."

Mama alinitazama, kisha akainua ubao wa kaunta akampisha. Afande alipita katikati ya nguo polepole, akisoma tiketi moja baada ya nyingine kwa kidole. Hazikupita dakika mbili. Kanzu ilikuwa imening'inia nyuma kabisa, safi, imekauka kwa wanga, tiketi yake imebanwa kifuani. Ilikuwa hapo tangu Jumatano.

Aliivaa palepale juu ya shati, akaweka koti juu yake. Mama akamnyoosha kola na kumgeuza kwenye kioo. Mzee alijitazama kwa muda, na nikaona kwamba amependeza na kwamba yeye mwenyewe anajua. Niliomba radhi. Aliupokea mkono wangu.

"Mwanangu," aliniambia, "mashine yako haina macho."

Akaondoka kwenda kuwahi wenzake. Mimi nilipanda ngazi nikiwa nimesinyaa. Nilifungua kumbukumbu za duka, nikaitafuta tiketi ya kanzu. Hali yake ilikuwa imeandikwa "tayali". Orodha ya mama ilitafuta "tayari". Kwa mashine hayo ni maneno mawili yasiyojuana, kwa hiyo kanzu haikuhesabiwa na hakuna aliyeambiwa lolote.

Lazima nikiri kwamba aibu yangu ilipungua nusu. Niliijua hiyo L ni ya nani. Siku mbili zile nilitunga utani wa kutosha, na Jumatatu nikampokea nao mwenzangu kabla hajaweka mkoba chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua historia ya programu, ambamo kila mstari hubeba jina la aliyeuandika, akautafuta ule unaoandika hali ya nguo zinazotiwa wanga, tuliouongeza wiki iliyotangulia.

"Ni wewe," alisema.

Nilisogea karibu nikasoma mara mbili. Ni mimi. Miaka minne ya kununua mboga, kusalimiana na kubishana na Waganda ilikuwa imenihamisha ulimi, na vidole vikaufuata. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini, na nilistahili.

Tulianza kurekebisha asubuhi hiyohiyo. Niliyaweka maneno yote matano katika faili moja, ndani ya kitu nilichokiita Hali, nikakigandisha kwa Object.freeze ili pasiwe na mtu wa kukibadilisha. Kuanzia hapo kila mahali tungeandika Hali.TAYARI, na neno lenyewe lingebaki limeandikwa mara moja tu. Nilijisifu. Mwenzangu akavuta kibodi, akaandika Hali.TAYALI makusudi, akaiendesha programu. Kimya. Ilijibu undefined, yaani hakijulikani, ikaendelea na safari yake.

"Sasa nani ataniambia nimekosea?" aliuliza.

Nikajaribu Symbol, ambayo hufanya kila thamani kuwa ya pekee isiyoigika. Ilinipendeza sana mpaka nilipoituma data kwenye kompyuta ya dukani na hali zote zikapotea njiani, kwa sababu Symbol haisafiri ndani ya JSON, yale maandishi yanayobeba data kati ya kompyuta na kompyuta. Nusu siku ikaenda hivyo. Mwishowe mwenzangu ndiye aliyeizungushia Hali kitu kinachoitwa Proxy: kila jina linapoombwa, kwanza linatazamwa kama limo. Kama halimo, programu inasimama na kutamka kosa, ikilitaja neno baya na yale matano mazuri. Maneno yanayotoka kwenye kumbukumbu za duka nayo tukayapitisha kwenye ukaguzi huohuo. Jumanne mchana niliandika TAYALI tena, na skrini ikawa nyekundu yote. Sikuwahi kufurahia kosa kiasi kile.

Tulishuka pamoja kumwonyesha mama. Alitazama kwa adabu, kisha akatuuliza juu ya jambo lililomsumbua yeye: nguo zilizokaa miezi bila wenyewe kurudi. Alitaka nazo ziwe na hali yao. Zamani ningepanda juu nikabuni neno na kulitawanya kila mahali. Sasa ulikuwa mstari mmoja katika faili moja, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kumuuliza hali hiyo iitweje. Nilipendekeza "imesahauliwa".

Mama alikataa. Alishika mkono wa gauni moja la bluu lililokuwa limening'inia ukutani, akaliondoa vumbi.

"Hujui mtu amepatwa na nini," alisema. "Andika, inamngoja mwenyewe."

Mwenzangu akaitoa kalamu, akaliandika neno kwenye kiganja chake, tukavuka barabara.