Kitambaa Nilichokionea Wivu

Harufu ya kitambaa kinachopigwa pasi ya mkaa hunirudisha Hombolo, kwenye kibaraza chetu, ambako Baba alikuwa akiinyoosha bendera ya ofisi ya kata huku mimi nimenuna pembeni. Nisiwafiche, ndugu zangu: nilikuwa naionea wivu. Wenzangu waliwaonea wivu wadogo zao; mimi, kitambaa.

Baba alikuwa mlinzi wa ofisi hiyo, na kupandisha na kushusha bendera ilikuwa kazi yake. Kwetu sauti yake ilikuwa ya amri tupu: nenda, rudi, funga mbuzi. Lakini bendera aliifua mwenyewe, Mama haruhusiwi hata kuigusa, na akishaikunja aliipakata kama kichanga. Mimi sikukumbuka kupakatwa hivyo.

Wakati wa kupiga pasi ndipo alipokuwa mwongeaji. Alinieleza kwamba zamani zilikuwa bendera mbili, ya Tanganyika na ya Zanzibar, na nchi zilipoungana rangi zao zikawekwa pamoja. Kijani ni ardhi na mimea yake, njano ni madini, buluu ni maji, nyeusi ni watu.

"Na mimi nimo?" nikauliza.

"Wote tumo, mwanangu."

Jibu hilo lilinikera. Nilitaka niwemo peke yangu.

Jioni Baba alipopuliza filimbi, kila mpita njia alisimama wima, hata waliotoka bwawani na ndoo kichwani, mpaka filimbi ya pili. Siku moja nilisimama pekupeku karibu na mawe ya chokaa yaliyozunguka mlingoti, nikimtazama adui yangu akishuka polepole, nge akanidunga kidole cha mguu. Nikapiga ukelele. Baba akaifunga kamba palepale bendera ilipofikia, akaninyanyua, akakimbia nami zahanati.

Nyuma yetu watu waliendelea kusimama, maana filimbi ya pili haikulia. Halafu wakaona bendera iko nusu mlingoti. Mwenye duka akazima muziki na kutafuta taarifa ya habari. Wanawake wakatua ndoo, wakajifunga kanga viunoni, wakaulizana, "Kafa nani?"

Kesho yake mtendaji wa kata alikuja nyumbani.

"Mzee, umeitangazia kata nzima msiba bila kibali."

"Mtoto alikuwa analia, mtendaji," Baba akajibu, basi.

Kazi ya bendera akapewa mwingine. Nilifurahi, nikasubiri zamu yangu ya kupakatwa. Haikuja. Kila filimbi ilipolia, Baba alisimama uani, mikono ubavuni, akitazama upande wa ofisi, na nikaona kwamba bendera, hata ikiwa haipo nyumbani, bado imenishinda. Kinyongo hicho nilikua nacho, nikaolewa nacho.

Juzi, hapa mjini ninapoishi, Area D, bendera zilikuwa nusu mlingoti, na binti yangu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia hufanywa hivyo kwa mtu ambaye nchi nzima inamlilia. Kabla sijamaliza, nikaikumbuka ile iliyobaki nusu mlingoti Hombolo. Baba hakuwahi kuiacha kazi ile katikati, iwe mvua, iwe homa. Aliiacha siku ile tu, niliposikika nikilia. Miaka yote hii nimekionea wivu kitambaa nilichokwisha kukishinda nikiwa darasa la kwanza, na Baba hayupo tena nimwambie.