Mama Aliyenisimamia Foleni

Wapo watakaosema nilikuwa na usingizi tu, nikaota. Waseme. Hata mume wangu, niliyeishi naye miaka yote hii, akinisikia naanza kusimulia hutoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawana shida yoyote. Lakini mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na mwalimu akiwadanganya watoto hata mara moja, hawamsikilizi tena. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Babati mjini, nikiwa na akili zangu timamu. Usingizi nilikuwa nao, hilo sikatai.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati wa shida. Kama ulizaliwa baadaye, sijui nikueleze vipi. Ikisikika sukari imefika, watu waliacha jembe katikati ya tuta. Tulikula unga wa njano wa msaada, tukauita Yanga, na tukashukuru. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Kila kitu kilikuwa foleni, na foleni ya duka la ushirika ilianza kabla jogoo hajawika, kwenye baridi inayoshuka kutoka mlima Kwaraa. Mtu akichoka kusimama aliweka jiwe, au tofali, au kopo bovu, akaenda zake kuteka maji. Jiwe lilimsimamia. Hakuna aliyethubutu kulisogeza, hata kama walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Na kama huna jiwe, ulimwomba jirani yako wa nyuma: nisimamie.

Mimi nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Chuo sikitaji. Tulikuwa tumetawanywa kwenye shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha, nami nikapangiwa shule moja hapo mjini, darasa la nne. Malazi nilipewa kwa Mama Safari, kule Maisaka. Alikuwa Mwiraqw mwenzangu, Mlutheri wa kweli, mumewe yuko mbali kazini, naye ndiyo kwanza amejifungua mapacha. Unaelewa maana ya mapacha katika nyumba isiyo na sabuni? Hawezi kwenda foleni na vichanga viwili, kwa hiyo foleni ikawa yangu. Nilikuwa nakula kwake, ningekataa kwa mdomo upi?

Basi sikia wiki yangu ilivyokuwa. Alfajiri foleni. Asubuhi darasani. Mchana shamba la shule, maana elimu ya kujitegemea haikujua mwanachuo wala mwanafunzi, wote jembe. Jioni maji, kuni, nepi. Usiku ndipo nakaa na kibatari kuandika andalio la somo la kesho, mapacha wanapokezana kulia, huyu akinyamaza yule anaanza. Na Ijumaa ya wiki hiyo mkufunzi wetu alikuwa anakuja kunipima kwa mara ya mwisho. Awali nilikuwa nimeshafeli mbele yake. Siku moja nilisahau zana nyumbani, siku nyingine nilisoma karatasi kutoka juu mpaka chini bila kuwatazama watoto. Hakunificha. "Ijumaa ukirudia haya, binti, utarudi Mbulu ukalime na baba yako."

Na mimi niliutaka ualimu kuliko kitu chochote. Kuliko kuolewa, haki ya Mungu. Nikiwa mdogo nilikuwa nawapanga mbuzi wa baba mstari mmoja nawafundisha kuhesabu.

Jumatatu nikawa kwenye foleni nasinzia kama kuku mwenye kideri. Nyuma yangu alikuja kukaa mama mmoja mzee, amejifunika blanketi la kijivu mpaka kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechoka."

Hakuuliza, alisema. Nikamjibu ndiyo, nimechoka sana.

"Egemea hapa ulale. Mimi nitakusimamia. Foleni ikisogea nitakuamsha."

Nani angekataa? Nikaweka kichwa begani kwake, bega la mifupa mitupu, nikalala fofofo. Usingizi ule sijaupata tena maishani. Aliponigusa kuniamsha kulikuwa kumekucha na mlango wa duka uko mbele yangu. Sabuni iliishia kwa watu wachache tu, nami sikuwa mmoja wao, lakini wala sikujali. Aliyekuwa mbele yangu, mwanamke mcheshi mwenye kikapu cha ukindu, akaniambia, "Bibi yako anakupenda." Nikamwambia si bibi yangu. Nikageuka nimwonyeshe, kumbe mzee ameshaondoka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kujiuliza. Kila mtu kwenye ile foleni alikuwa na kikapu, mfuko, hata sufuria. Yule mama mikono ilikuwa mitupu. Mtu gani anakuja kupanga foleni ya sabuni bila pa kuitia sabuni? Ningekuwa nimelala vizuri ningeliona hilo. Lakini ningekuwa nimelala vizuri nisingemhitaji.

Kesho yake nikamkuta tena, na keshokutwa pia. Nikaanza kwenda foleni kwa hamu, kama mtu anayekwenda harusini. Macho yakianza kufumba, alikuwa ananiuliza vitu kidogo kidogo, kwa upole. Unafundisha nini, mwanangu? Ijumaa ni somo gani? Watoto wako wanaitwa nani? Huyo mkufunzi akija darasani anakaa wapi? Nami najibu, ulimi mzito. Nikamwambia ni somo la kuota kwa mbegu. Nikamwambia nimepanda maharage kwenye makopo na yapo dirishani mwa darasa. Nikamwambia Paulina wa dawati la mbele ana akili lakini ana aibu, mtu asimwite ghafla. Yote nilimpa. Sura yake tu ndiyo sikuwahi kuishika. Nikifika nyumbani najaribu kuikumbuka, inaniponyoka.

Jumatano yule wa kikapu cha ukindu akanitania, "Leo mama yako hakukuletea hata uji?" Nikacheka, nikaona kajichanganya tu, juzi bibi, leo mama. Alhamisi hakutania. Alitutazama, mara mimi, mara aliye nyuma yangu.

"Wewe na dada yako," akasema polepole, "mmefanana mpaka vidole."

Nikataka nigeuke nimtazame usoni. Niamini, nilitaka. Lakini mkono ulikuwa umeshanishika kichwa, unanivuta begani, na bega lenyewe halikuwa la mzee tena. Lilikuwa bega la msichana, limejaa. Nilikuwa naogopa, na bado nikalala.

Jioni nilimweleza Mama Safari. Nilitegemea aniambie kesho usiende. Akanitazama kwa huruma, akawatazama mapacha, mapaja yao yalikuwa yameshatoka vipele vyekundu kwa nepi zisizotakata. Na lori la sabuni lilikuwa limeonekana linaingia mjini.

"Nenda, ila usikae chini," akasema. "Akikusemesha, taja jina la Yesu. Uje moja kwa moja uoge uende shule."

Nikaenda. Sikukaa chini. Nilisimama wima, nikatafuna pilipili kichaa mpaka machozi yakanitoka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu yeyote, nikamshukuru Mungu. Nikawa narudia somo langu kichwani: mbegu inahitaji maji, hewa, joto. Maji, hewa, joto. Halafu sauti ikasema sikioni mwangu, karibu kabisa. Niliijua sauti hiyo, kwa sababu ilikuwa yangu.

"Lala. Leo nitakusimamia."

Nilifungua mdomo nilitaje jina nililoagizwa. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Uniamshe mapema."

Niliamshwa na jua. Nilikuwa nimejikunja chini ya ukuta wa duka, peke yangu. Mlango umefungwa, foleni imekwisha, hakuna hata jiwe moja. Mapajani mwangu kulikuwa na mche mzima wa sabuni. Nilipoliona jua lilipofika, nilitoa sauti kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Somo langu lilikuwa limeshapita.

Nilikimbia. Sikumbuki nilikanyaga wapi. Nafika shuleni, kengele ya mapumziko inalia na darasa langu linatoka nje, wanacheka, wamechangamka kuliko nilivyowahi kuwaona. Waliponiona wakasimama. Paulina, yule mwenye aibu, akanitazama miguuni.

"Mwalimu," akasema, "kumbe una viatu?"

Nikampita nikaingia ndani. Ubao ulikuwa umejaa, kona mpaka kona, mchoro wa mbegu na mizizi yake, na mwandiko ni wangu. Hata ile g yangu yenye mkia uliopinda, ambayo wenzangu chuoni walikuwa wananicheka nayo. Makopo ya maharage yalikuwa yamepangwa mezani. Na sakafuni, kwenye saruji, kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, za tope jeusi bichi, tope la ziwa lile la kando ya mji. Kilikuwa kiangazi, mwenzangu. Mji mzima ni vumbi. Zile nyayo zilitoka mlangoni, zikaenda ubaoni, zikazunguka kati ya madawati, kisha zikaelekea dirishani na kuishia hapo.

Mkufunzi alikuwa bado nyuma ya darasa, anafunga mkoba wake. Mtu ambaye sijawahi kuona meno yake akaja akanipa mkono.

"Leo umefundisha," akasema. "Nimekaa hapa nyuma nikasahau hata kuandika."

"Mwalimu, si mimi. Nilikuwa foleni ya sabuni. Ndiyo kwanza nafika."

Akacheka. "Umechoka, binti. Kalale." Kisha macho yake yakashuka kwenye viatu vyangu, yakaenda kwenye zile nyayo, yakarudi kwenye viatu. Akaacha kucheka. Alichukua mkoba akaondoka, hata chai aliyoandaliwa ofisini hakuinywa.

Nilimwambia mwalimu mkuu ukweli wote. Akanisihi ninyamaze, nisije nikaonekana nimechanganyikiwa nikakosa hata hicho nilichopata. Mama Safari yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama ile sabuni, akaisukumiza kwenye ungo kwa kijiti, akaenda kuitumbukiza chooni. Mche mzima wa sabuni! Wakati ule! Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nilipoona mama mwenye mapacha anatupa sabuni.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule wa kikapu cha ukindu. Aliponiona alirudi nyuma kidogo.

"Siku ile nilifanya nini?" nikamuuliza.

"Wewe si ulinunua sabuni ukatuaga? Ulisema unawahi darasani." Akaangalia pembeni. "Ila tulishangaa. Lile jiwe lako la pale ukutani, uliweka sabuni juu yake ukaiacha. Wanawake walisema huyu kapata wazimu. Lakini hakuna aliyeigusa."

"Jiwe gani?"

"Jiwe lako. Kubwa, la kijivu. Tulilipita wote."

Mimi ndiye niliyekuwa pale ukutani. Nimelifikiria neno lile maisha yangu yote na sijalipatia mahali pa kuliweka.

Nilifaulu. Cheti nilipewa, nikafundisha mpaka nikastaafu. Lakini sijalala tena mbele ya mtu nisiyemjua. Basi la Arusha ninapanda macho wazi safari nzima. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, muuguzi aliniambia pumzika mama, mimi nipo hapa, nikapiga kelele wodi nzima ikaamka. Na kila mkaguzi alipokuja kukaa nyuma ya darasa langu, moyo ulinienda mbio nikiwa njiani. Sikuogopa kufeli. Niliogopa nitafika nikute somo linaendelea.

Mwaka jana nilikutana na Paulina sokoni. Sasa ni mtu mzima, bibi shamba, ana wajukuu. Alinishika mikono yote miwili, akaniamkia kwa furaha. Akaniambia somo lile la maharage hajalisahau mpaka leo, ndilo lililompeleka kwenye kilimo. Nikamkumbusha kwamba baada ya siku ile niliendelea kuwafundisha mpaka shule ilipofungwa, nikawafundisha nyimbo, nikawafundisha hesabu za sehemu kwa kukata machungwa. Hakukumbuka hata kimoja. Akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura nyingine.

"Lakini mwalimu," akauliza, "mbona hukurudi tena?"

Basi wewe unayesoma haya macho yamekuvimba, mchana darasa, jioni kibarua, usiku vitabu, nisikilize mimi. Ukichoka, lala. Lala kwenu, kitandani kwako, umefunga komeo, na kazi ibaki pale ilipo. Lakini mtu usiyemjua akikuambia lala, mimi nitakusimamia, inuka uondoke, hata kama wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni. Afadhali ufeli mwenyewe.