Gita Lililopakwa Mafuta

Wiki nzima sikupata usingizi mzuri kwa sababu ya swali ambalo hata kukuambia naona haya: nilioshe gita la baba au nisilioshe? Vijana wa kwaya yetu ya Lodwar walikuwa wameniomba niwaletee Jumapili. Nimemaliza chuo kikuu, kazi sijapata, na mtu wa namna yangu akipewa swali dogo hulitafuna mpaka liwe kubwa. Nikiliosha, nafuta alama za mikono ya nyanya yangu. Nisipoliosha, watu watacheka tena, na baba atakuwa ameketi palepale akisikia.

Ngoja nianzie mbali, rafiki yangu, usije ukadhani nazungumzia uchafu tu.

Miaka ya tisini baba aliendesha lori la samaki wakavu kutoka Kalokol hadi Lodwar, na mara nyingine aliendelea mpaka Kakuma. Shule zikifungwa nilipanda naye. Nguo zangu zilinuka samaki likizo nzima na sikujali. Kakuma niliipenda kwa kelele zake: redio katika maduka ya Wasomali, watoto wakigombana kwa lugha nisizozijua, ngoma za makanisa ya Wasudani. Huko ndiko baba alipomwona shemasi mmoja mkimbizi akiwa na gita la besi la umeme, la zamani, karibu rika la baba mwenyewe. Rangi yake ya samawati ilikuwa imebabuka, uzi mmoja haukuwepo, na vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vimeshika kutu.

"Hapa umeme iko wapi?" shemasi alisema. "Bila umeme, hii ni ubao tu. Lakini hii mtu mzima. Usipige yeye haraka haraka."

Baba alililipia kwa mbuzi wa mama yake, yaani nyanya yangu, ambaye sisi sote tulimwita Ata. Alikuwa amemwomba akisema kuna kitu cha kanisani anachotaka kununua. Ata alidhani ni benchi.

Likizo yote ikawa ya kulitengeneza. Fundi redio wa sokoni alilehemu upya nyaya za ndani. Kile kipande kidogo kinachoshika nyuzi juu ya shingo kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo baba alichonga kingine kwa mfupa wa ngamia, akakisugua kwa msasa hadi meno yetu yakasisimka. Uzi uliokosekana aliuagiza kwa dereva mwenzake aendaye Kitale. Spika hatukuwa nayo. Baba aliegemeza kichwa cha gita kwenye tangi letu la maji la mabati, akapiga, na tangi zima likanguruma. Akina mama waliokuja kuchota maji walisimama kusikiliza.

"Dereva ameoa," jirani alisema. "Mbuzi wametoka, bibi arusi ameingia."

"Huyu hatapika," mwingine akasema.

"Kwani wewe unapika?"

Walicheka wote isipokuwa Ata. Kwake haukuwa mzaha. Mbuzi wakitoka na kitu kikaingia nyumbani, kitu hicho lazima kipokewe. Tena kilikuwa cha mbao, na vyombo vyake vyote vya mbao alivipaka mafuta visipasuke kwa jua letu. "Chombo kikavu ni chombo kisicho na mwenyewe," alizoea kusema. Basi, asubuhi ya Jumapili ambayo baba angepiga kanisani kwa mara ya kwanza, alituwahi kuamka, akalipaka gita mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na udongo mwekundu, kama apakwavyo bibi arusi. Alipaka mwili, shingo, nyuzi, hata vitufe vya sauti.

Baba alilikuta linang'aa. Akasema tu, "Asante, mama," akalifuta kwa kitambaa kadiri alivyoweza, tukaenda.

Kanisani aliliunganisha na spika ya kwaya, lakini vidole viliteleza. Nyuzi zilizopaswa kuimba zilitoa mdundo mfupi, kama mtu anayepiga gunia la unga. Kwaya ilimwacha nyuma, akaikimbiza, akaifikia kwenye "Amina". Alipolivua gita, shati lake jeupe lilikuwa na doa jekundu tumboni, pana kama sahani. Alicheka mtu mmoja, kisha benchi, kisha kanisa. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilipoinua macho, Ata alikuwa amegeuka kuona wanachekea nini. Akaliona shati, halafu akavitazama viganja vyake. Kicheko nilikisahau zamani. Viganja vile vingali vinanichoma.

Baba hakupiga tena. Ata alifariki nikiwa sekondari, lori likauzwa, tangi likaliwa na kutu, na shemasi yule sijui vita vilimpeleka wapi. Gita lilibaki chini ya kitanda.

Alhamisi nilikaa nalo uani na kulitazama vizuri. Mafuta yalikuwa yamegeuka utomvu mweusi wenye mchanga, na yalinuka. Ndipo nikakumbuka kwamba Ata hakuwahi kuacha mafuta ya zamani kwenye chombo chochote. Aliosha, akaanika kivulini, akapaka upya. Nilichokuwa nikikilinda kwa heshima, yeye angekionea aibu kuliko wote. Nikalisugua kwa kitambaa cha maji moto na majivu, nikaenda sokoni.

"Ejok," muuza mafuta alinisalimu. "Nani anaolewa kwenu?"

"Hakuna, mama. Ni gita la baba."

"Limeshapata mchumba?" akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. Nilitaka kukimbia. Nikanunua, na udongo pia.

Nililipaka mchana, uani, majirani wakiona. Baba alitoka, akasimama nyuma yangu.

"Safari hii nyuzi usiguse," alisema. Kisha akachuchumaa. "Na hapo chini umeruka."

Jumapili nililibeba wazi kupitia barabara kuu, aibu ikiniandama kila hatua, baba akitembea kando yangu. Mlangoni kijana wa kwaya alilipokea, akanusa, akaangalia vidole vyake vilivyokuwa vyekundu tayari.

"Dada, hii ni nini?"

Nilisema kwa nguvu ili hata waliokaa mbele wasikie. "Ni mafuta. Alianza kulipaka nyanya yangu, sasa nalipaka mimi. Nenda ukavae shati jeusi."